Kinepali, luga yenye haina «niko na»

Mama mukimbizi anafika mbele ya meza ya kuandikisha. Mwandishi anamuuliza: «Mama, uko na watoto ngapi?» Mama anajibu: «Wawili.» Kalamu inaandika 2. Kumbe mama alizaa watoto wanne. Wawili wako naye pale kambini, wawili wengine walibaki kwa shangazi yao ng'ambo ya muto. Mama hakudanganya, na mwandishi hakusikia vibaya. Swali lenyewe lilikuwa na milango miwili: watoto wenye uko nao hapa, ao watoto wenye ulizaa? Kila mumoja aliingia na mulango wake. Siku ya kugawa unga, jamaa ya watu watano inapewa kipimo cha watu watatu.

Katika Kinepali, luga kubwa ya inchi ya Nepal, swali kama hilo la milango miwili haliulizwi kwa urahisi. Mwenye kuuliza analazimishwa kuchagua mulango mbele hajafungua kinywa. Sababu ni moja: Kinepali hakina neno la «kuwa na». Hakina «nina», hakina «niko na», hakina ile «j'ai» ya Kifaransa. Kuko namna kadhaa za kusema kwamba kitu ni chako, na kila namna inaonyesha ni chako kwa njia gani.

Mutu wa Ituri ao wa Kivu anaweza kuuliza: mambo ya Nepal, huko milimani Himalaya, yanatuhusu nini? Yanahusu kuliko vile mutu anafikiri. Askari wa kofia za buluu kutoka Nepal walikuja Ituri wakati wa MONUC, katika miaka ya 2000, na chini ya MONUSCO vikosi vya Nepal vimeendelea kupokezana Bunia. Kisha kuko njia ya pili, yenye watu wengi hawaiwazie. Jamaa nyingi za Fizi, Uvira, Masisi na Rutshuru zilipitia kambi za Nyarugusu, Nakivale ao Kyangwali, na kutoka pale wakapelekwa Marekani. Katika miji kama Columbus na Akron ku Ohio, Erie ku Pennsylvania, ao Burlington ku Vermont, Wakongomani na wakimbizi wenye kusema Kinepali wanaishi muji mumoja. Hao ni watu wenye walifukuzwa Bhutan mwanzo wa miaka ya 1990, wakakaa miaka karibu 20 katika kambi za mashariki ya Nepal, na kuanzia mwaka 2008 zaidi ya 100 000 kati yao wakahamishiwa inchi zingine, wengi sana Marekani. Basi mutoto wa Uvira na mutoto wa Bhutan wanaweza kukaa kwenye banki moja ya masomo.

Tuseme kwanza luga yenyewe ni ya namna gani. Kinepali ni ya ukoo mumoja na Kihindi, na kwa mbali kabisa ni ndugu ya Kifaransa, lakini undugu huo umezeeka sana. Kinaandikwa kwa herufi za Devanagari, zile zenye kuninginia chini ya musitari kama nguo ku kamba. Hapa kinaandikwa kwa herufi za kawaida ili kisomeke. «Chh» ni «ch» yenye kusukumwa na pumzi, na «ẽ» ni sauti yenye kupita puani, karibu na ile ya «pain» ya Kifaransa. Nepal iko na luga zaidi ya 120, na Kinepali ni luga ya mama ya watu karibu 45 kwa mia. Wengine wanakijua kwa masomo, soko na biro ya serikali, sawa vile Mulendu na Muhema, Mushi na Munande wanakutana katika Kiswahili.

Maneno fulani mutu wa huku atayatambua bila mwalimu. Pesa ni paisa. Habari ni khabar. Kitabu ni kitab, kalamu ni kalam, sabuni ni sabun, gari ni gadi, dunia ni duniya. Hiyo si bahati. Waarabu, Waajemi na Wahindi walifanya biashara upande wa pwani ya Afrika na upande wa India, na maneno yakasafiri pamoja na mizigo. Lakini maneno ya sarufi hayasafiri hivyo. Pale ndipo kazi inaanzia.

Kinepali kinatumia kitenzi kidogo chha, maana yake «iko». Chhaina ni «haiko». Kama mutu ana ndugu mudogo mumoja, anasema: mero ek jana bhai chha. Neno kwa neno: «wangu, mumoja, ndugu mudogo, iko». Mero ni «-angu», hamro ni «-etu», tapaiko ni «-enu» ya heshima, yenye kumwambia mutu mumoja. Kwa mutu mwenye jina, wanaongeza -ko nyuma yake: didiko ghar ni nyumba ya dada mukubwa. Kiswahili kinaanza na nyumba kisha dada. Kinepali kinaanza na dada kisha nyumba. Mulango huu wa kwanza ni wa mambo yenye yanabaki yako hata kama uko mbali nayo: wazazi, watoto, ndugu, nyumba, shamba.

Mulango wa pili ni sanga, maana yake «pamoja na». Ma sanga paisa chha: pamoja na mimi pesa iko. Hii ndiyo iko karibu kabisa na «niko na» ya huku, kwa sababu «niko na» nayo, ukiipasua, ni «mimi niko pamoja na». Lakini kwa kawaida sanga inazungumuzia kitu chenye kiko mukononi, mufukoni, mu begi, hapa na sasa. Mutu anaweza kuwa na pesa benki na kusema bila uongo ma sanga paisa chhaina.

Ukiweka milango hiyo miwili katika musemo mumoja, tofauti inaonekana wazi: mero ghar chha, tara ma sanga sãcho chhaina. Tara ni «lakini», sãcho ni ufunguo. Kwa Kiswahili: niko na nyumba, lakini siko na ufunguo. Hapa Kiswahili kimetumia «niko na» moja kwa nyumba yenye iko kilometa 60 na kwa ufunguo wenye ungepaswa kuwa mufukoni. Mutu mwenye alikimbia kijiji anajua hizo si «kuwa na» za namna moja.

Sasa turudie meza ya kuandikisha. Chhorachhori ni watoto, ni kusema chhora (mwana mwanaume) na chhori (mwana mwanamuke) wakiunganishwa. Mutu akitaka kujua watoto wote, anauliza: tapaiko kati jana chhorachhori chhan? «Wa kwenu, wangapi, watoto, wako?» Akitaka kujua wale wenye mama alikuja nao: tapai sanga kati jana chhorachhori chhan? «Pamoja na ninyi, wangapi, watoto, wako?» Mama yule wa mwanzo angejibu wane kwa swali la kwanza, wawili kwa swali la pili. Bila shaka Kiswahili nacho kinaweza kusema hivyo kikitaka: «Ulizaa watoto wangapi? Hapa uko na wangapi?» Ila hakikulazimishi. Inabidi mwenye kuuliza akumbuke yeye mwenyewe, na mutu mwenye ameandikisha jamaa 200 tangu asubui hakumbuki kila wakati.

Mulango wa tatu ni wa mambo yenye si mutu anayashika, yenyewe ndiyo yanamushika mutu. Kinepali kinasema malai, «kwangu» ao «kunielekea mimi». Malai bhok lagyo: njaa imenishika. Malai tirkha lagyo: kiu imenishika. Malai nidra lagyo: usingizi umenishika. Malai dar lagyo: woga umenishika. Malai jwaro ayo: homa ilinikuja. Mufaransa ndiye anasema «j'ai faim», «j'ai peur», sawa vile njaa na woga ni mali yake. Kiswahili cha huku kinasimama katikati: kinaweza kusema «niko na njaa», na kinaweza vilevile kusema «njaa inaniuma», «malaria ilinikamata». Mutu wa Bunia akijifunza Kinepali, namna hii ya tatu haitamusumbua sana. Ajue tu kwamba hata kujua kunaingia hapo: malai thaha chha ni «najua», na neno kwa neno ni «kwangu ujuzi uko».

Kuko jambo moja la kuangalia. Lagyo, «imeshika», ni wakati uliopita. Munepali mwenye njaa sasa hivi anasema sawa vile jambo limekwisha kufanyika. Mutu wa Kiswahili hawezi kushangaa, kwa sababu naye anasema «nimechoka» na «nimeshiba», kwa hali yenye angali nayo. Njaa ilishika, matokeo yako hapa.

Hapo tumeingia katika upande wa pili wa habari, namna Kinepali kinasema mambo yenye yamekwisha kufanyika. Kifaransa kinaunganisha pande hizo mbili kwa ujanja wake: «j'ai un enfant», «j'ai mangé». Ni «j'ai» ileile, mara ya mutoto, mara ya chakula chenye kimekwisha kuliwa. Mwanafunzi wa huku anafundishwa hivyo tangu shule ya musingi, na anafika kufikiri kila luga inapaswa kuwa na «avoir» yake ili kusema ya jana. Kinepali hakina «avoir» ya mutoto, wala hakina ya chakula.

Kinafanya nini basi? Kinamuwekea alama mutu mwenye alifanya. Alama hiyo ni -le, na inabandikwa nyuma ya jina lake. Ma ni «mimi». Maile ni «mimi ndiye mwenye kufanya». Maile bhat khaẽ: nilikula wali. Usle bhat khayo: yeye alikula wali. Ukitaka kujua maana ya -le, angalia pengine penye inatumika. Chakkule katyo: alikata kwa kisu. Pani parekole: kwa sababu mvua ilinyesha. Mutu mwenye kufanya, chombo cha kufanya, na sababu ya jambo, wote wanavaa kofia moja. -le inaonyesha jambo lilitokea wapi. Zamani sana, katika Kisanskriti, mutu aliweza kusema jambo la jana kwa kupindua: «kwa mimi, wali uliliwa.» Watu walizoea hiyo namna ya kusema, na baada ya karne nyingi ikabaki kama njia ya kawaida.

Lakini -le haibandikwi kila pahali. Ma gaẽ, nilienda. Ma aẽ, nilikuja. Hapo ni ma tupu, si maile, kwa sababu mwenye kwenda hafanyi kitu juu ya kitu kingine. Mutu mwenye alisoma Kifaransa atakumbuka «j'ai mangé» na «je suis allé», na kufikiri amepata ufunguo. Ni ufunguo wa nusu. Kulala, kwa Kifaransa ni «j'ai dormi», lakini Munepali anasema ma sutẽ bila -le. Ni bora kujiuliza: kuko kitu chenye kilifanyiwa? Wali uliliwa, gilasi ilivunjwa, barua iliandikwa: weka -le. Hakuna kitu: acha.

Faida ya alama hiyo inaonekana ku habari ya mbwa. Kukurle manchhelai tokyo: mbwa aliuma mutu. Kukur ni mbwa, manchhe ni mutu, -lai inamuonyesha mwenye alipatwa. Geuza: manchhelai kukurle tokyo. Bado ni mbwa ndiye aliuma, hata kama mutu ametajwa mbele. Katika Kiswahili, ukigeuza «mbwa aliuma mutu» kuwa «mutu aliuma mbwa», umepata habari mupya kabisa.

Watoto wa Nepal nao wanajua njia ya kuepa -le. Gilas phutyo, gilasi imevunjika. Imevunjika yenyewe, inaonekana, ku jikoni, bila mutu. Mama anauliza: kasle phoryo? Nani alivunja? Kas- ni «nani», na -le yake inamungojea mwenye kosa. Mazungumuzo hayo yanafanyika Bukavu kila siku, kwa «imevunjika» na «nani alivunja».

Baada ya kujua nani alifanya, kunabaki kujua jambo limefika wapi. Kiswahili cha huku kiko na «nilikula», kiko na «nimekula», na kiko na «nilisha kula» ao «nimesha kula». Kinepali kiko na ngazi zenye kufanana. Khaẽ ni nilikula, jambo lilipita. Maile khaeko chhu ni nimekula: «mwenye kula niko», ni kusema kula kulifanyika na hali yake ingali nami. Kukana kwake ni maile khaeko chhainã, sijakula bado. Neno khaeko linafanya na kazi nyingine: maile kineko mobail ni simu yenye nilinunua. Mwanafunzi achunge hapa tu: -ko ya didiko (ya dada) na -eko ya khaeko zinafanana kwa sikio, lakini moja inaonyesha mwenye mali, nyingine jambo lenye lilifanyika.

Ngazi ya tatu ndiyo itamufurahisha musemaji wa Kiswahili. Maile khaisakẽ: nilisha kula. Ndani yake kuko kitenzi saknu, kumaliza. Chamal sakiyo, muchele umekwisha. Paisa sakiyo, pesa imekwisha, musemo wenye hauhitaji kutafsiriwa tarehe 20 ya mwezi. Sasa tazama «nimesha kula». Ile «-sha» inatoka wapi? Inatoka ku «nimekwisha kula», kitenzi kwisha. Luga mbili zenye hazijuani, moja ya milimani kwa Himalaya na moja ya pwani ya Afrika, zilitafuta namna ya kusema «tayari» na zote zikachukua neno la kumaliza, zikalifunga ku kitenzi kingine. Saknu iko vilevile na maana ya kuweza: ma garna sakchhu, ninaweza kufanya. Hiyo «-sha» haina.

Ku hospitali ngazi hizo si muchezo. Munganga anamuuliza mugonjwa: ausadhi khanubhayo? Umekunywa dawa? (Wanepali wanakula dawa, hawaikunywi. Tutarudia hilo.) Mugonjwa akijibu khaẽ, alikunywa, labda kidonge cha asubui. Akijibu khaisakẽ, alisha kunywa, usimukumbushe tena. Akijibu ausadhi sakiyo, dawa imekwisha ku paketi. Kwa dawa ya malaria ya siku 3, munganga anahitaji kujua ni jibu gani kati ya hayo. Huku, mugonjwa mwenye anasema «dawa nilisha» anaweza kumaanisha nilisha kunywa leo, nilisha maliza zote, ao imeniishia na ninangoja ingine. Muuguzi muzuri anauliza mara ya pili.

Kuhusu kula dawa: kitenzi khanu, «kula», ni kipana sana. Wanepali wanakula dawa, wanakula maji (pani khanu), wanakula sigara. Mutu wa huku atacheka, kisha ataacha kucheka akisikia inayofuata. Ghus khanu ni kula rushwa. Kasam khanu ni kula kiapo. Kutai khanu ni kula fimbo. Chai wanaita chiya, na hiyo nayo, wengi wanasema, wanaikula. Salamu ya kawaida kati ya watu wenye kuheshimiana ni khana khanubhayo?, «mumekula chakula?», na hakuna mutu mwenye anakualika kwa kusema hivyo, ni kama «habari ya mchana». Mukubwa anaitwa dai kama ni mwanaume, didi kama ni mwanamuke. Mudogo ni bhai ao bahini, hata kama hamuko ndugu wa damu, sawa vile «yaya» inafanya kazi huku. Mutu mwenye anaongezewa wali na ameshiba anaweka mukono juu ya sahani na kusema bhayo, «imekuwa», ao pugyo, «imefika». Ni kusema yatosha.

Inabaki sehemu moja, na kwa mukaaji wa Mashariki ndiyo yenye uzito kuliko zote. Katika Kinepali, kusema jambo lilifanyika haitoshi. Luga inakupa njia ya kuonyesha wewe ulilijua namna gani.

Chukua neno la barabara, bato. (Wenye kusema Lingala watavumilia: bato za Nepal hazina miguu.) Mufanyabiashara anataka kupeleka maharagi kwa barabara ya taifa namba 27, kutoka Bunia kuelekea Mahagi. Jana barabara ilikuwa imefungwa. Anauliza kama imefunguliwa. Kama angeuliza kwa Kinepali, angeweza kupata majibu matatu.

Bato khulyo. Barabara imefunguka. Mwenye kusema anasema tu, bila alama yoyote. Anasimama yeye mwenyewe nyuma ya neno lake.

Bato khulechha. Kumbe barabara ilifunguka. Hakuwa pale wakati inafunguliwa, lakini alifika akakuta magari yanapita, ao aliona alama yake. Mwisho huo -echha ndio «kumbe» ya Kiswahili, ila hausimami peke yake mbele ya musemo. Umeingia ndani ya kitenzi. Pani paryo, mvua ilinyesha. Pani parechha, kumbe mvua ilinyesha: mutu anaamuka, anafungua mulango, anakuta matope. Mutu anaweza kujisemea hivyo hata yeye mwenyewe: maile ta birsechhu, kumbe nilisahau. Na kwa kitu chenye unagundua kiko, wanasema rahechha: yahã pani rahechha, kumbe hapa kuko maji.

Bato khulyo re. Ati barabara imefunguka. Re, kasauti kadogo ku mwisho, inasema: maneno haya si yangu, niliyasikia. Inaweza kubandikwa mwisho wa musemo wowote. U ayo, amekuja. U ayo re, ati amekuja.

Mutu mwenye amekaa Djugu, Beni ao Masisi hahitaji kuelezwa tofauti ya majibu hayo. Kijiji kizima kinaweza kuamuka usiku na kubeba magodoro juu ya neno «wamefika», lenye lilianza kwa mutu mumoja kama «ati wamefika», na kwa mutu wa tatu «ati» ikaanguka njiani. Kiswahili kiko na «ati», kiko na «eti», kiko na «kumbe», kiko na «inasemekana» ya wanahabari. Vyote vinafanya kazi hiyo vizuri. Lakini ni maneno ya pembeni, na neno la pembeni ni rahisi kuliacha mutu akiwa na haraka. Kinepali nacho si dawa ya uvumi: re inaweza kuanguka sawa na «ati» yetu, na mutu mwenye kutaka kudanganya atasema khulyo akijua hajaona kitu. Hata hivyo -echha haianguki ovyo, kwa sababu imo ndani ya kitenzi, na mutoto anajifunza kuitumia sambamba na kitenzi chenyewe. Akifika masomo, anajua tayari kutenga lenye aliliona likifanyika na lenye alikuta limekwisha kufanyika.

Mufanyabiashara wetu, akisikia bato khulyo re, hapakie mizigo mara moja. Kuko swali fupi lenye Wanepali wanauliza hapo, na limebeba ile -le ya mwanzo, alama ya mutu mwenye jambo lilitokea kwake. Kasle bhanyo? Nani alisema? Kama jibu ni dereva mwenye alipita asubui ile, na anaitwa jina, maharagi inaweza kwenda. Kama jibu ni tena mutu mwingine mwenye naye alisikia, swali linarudiliwa: kasle bhanyo?